Dele, Wala si Buli
Juzi, dukani mjini Musoma, muuzaji alinionyesha chombo cha alumini chenye kiuno chembamba, akakiita buli. Nami kwa adabu nikamwambia kwamba buli ni la chai, ilhali la kahawa, tangu kale huko pwani, huitwa dele au mdila, na hilo dele lashabihi dalla ya Waarabu. Chombo chenyewe, moka, kilichozuka Italia mwaka 1933, kimepewa jina la bandari ya Mokha, Yemen, basi nasaba yake si ngeni kwetu. Nilinunua kilicho kidogo, kwa kuwa mnywaji ni mimi peke yangu. Namna ya kukitumia ni hii: maji yasifunike vali, unga wa kahawa (wa Tarime wanitosha) usishindiliwe, moto uwe haba, na kikianza kukoroma, kiepuliwe hima.