Wametuandika Sana, Nani Ametusoma?

Wasee wa 56, swali moja kabla mpite: mmejaza dodoso ngapi hapa mtaani? Maji, choo, kodi ya nyumba. Mwanafunzi anakuja, anauliza, anasema asante, anaenda. Kibera ndiyo usiseme. Sasa hiyo kazi huishia wapi?

Historia ya jibu iko na mlango na askari wa kuulinda. Maktaba ya McMillan pale tao ilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani mpaka 1958. Miaka ya sitini, nyaraka nyingi za serikali ya kikoloni, zikiwemo ripoti za madisii, zilipigwa picha kwenye maikrofilamu na nakala zikaenda Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Sisemi ziliibwa, maana zenyewe zilibaki Nairobi. Lakini msomi wa huko aliweza kusoma habari za babu yako bila kupanda ndege. Babu yako angeanzia wapi? Na kuna zile Waingereza walibeba kabisa wakiondoka, wakazificha Hanslope Park. Zilijulikana 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa kortini London.

Msifikirie ni mambo ya wasomi tu. Kibera, ardhi iliyotengewa askari Wanubi na kugazetiwa 1918 ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Hati waliyopewa 2017 ni ya ekari 288. Kwenye kesi kama hizo, mwenye karatasi ndiye anaongea.

Tasnifu nazo zilikaa kwenye rafu za chuo miaka mingi, na huingii bila kitambulisho. Mimi niliacha chuo, na kadi yangu ya maktaba ikafa hapo hapo. Kilichobadilisha mchezo ni DSpace, programu ya bure iliyotolewa 2002 na MIT pamoja na HP, ya kuhifadhi kazi za chuo na kuzionyesha dunia nzima. Chuo Kikuu cha Nairobi wanaitumia, Kenyatta pia. Andika “Kawangware” kwenye hazina yao, uone mtaa wako ukitokea. Bando ya mbao inatosha kuanza. Kwangu hii ni kubwa kuliko jengo lolote jipya la maktaba.

Ila shida ziko. Mara nyingine unapata muhtasari peke yake, tena kwa Kiingereza cha kuumiza kichwa. Na yule mkutubi anayejua kutafuta vitu amewekewa wanafunzi waliolipa karo. Kibera kuna tawi la maktaba ya taifa, KNLS. Vyuo vikishindwa kutuma mkutubi mmoja pale kila Jumamosi, basi hawataki.

Na wewe, dodoso likija wiki hii, jaza. Lakini muulize huyo mwanafunzi jina lake, chuo chake na mwaka anaomaliza. Andika nyuma ya risiti. Utaitafuta hiyo kazi ukiwa kejani.