Msimulizi Mwongo

Msomaji afunguapo kitabu cha hadithi humwamini msimulizi kabla hajamjua. Akiambiwa kwamba usiku ule mvua ilinyesha, husadiki kuwa ilinyesha. Wako waandishi walioishika imani hiyo wakaifanya mtego, na khabari zao zafaa kuelezwa, maana ndani yake mna swali zito: je, anyamazaye amesema uwongo?

Mwaka 1843 Edgar Allan Poe wa Marekani alitoa hadithi fupi ya mwuaji aapaye kwamba hana wazimu. Kadiri anavyoapa ndivyo tunavyozidi kumshuku. Mtego huo si mkubwa.

Mtego mkubwa ulitegwa Uingereza mwaka 1926, na Bibi Agatha Christie, katika kitabu chake The Murder of Roger Ackroyd. (Atakaye kukisoma na aruke sehemu hii.) Msimulizi ni daktari wa kijiji, mtu wa heshima, amsaidiaye mpelelezi Poirot kumtafuta aliyemchoma kisu tajiri Ackroyd. Twafuatana naye roho juu, twamshuku huyu na yule, hata mwisho twaambiwa kwamba mwuaji ni daktari yuyu huyu. Wako wasomaji waliokasirika, wakasema wamepunjwa. Lakini turudi nyuma tutazame. Daktari ameandika kwamba barua ililetwa saa tatu kasoro dakika ishirini usiku, na kwamba yeye alimwacha Ackroyd saa tatu kasoro dakika kumi, barua haijamalizwa kusomwa. Yote mawili ni kweli. Ila zile dakika kumi za katikati hakuzieleza, nazo ndizo alizomwulia mtu. Bibi Christie alishikilia kwamba asomaye kwa makini ataona hakudanganywa. Katika kitabu twamkubalia. Lakini shahidi afichaye dakika kumi mbele ya hakimu hatumwiti mkweli.

Katika sinema jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa jicho huamini upesi kuliko sikio. Mwaka 1920 Wajerumani walionyesha picha iitwayo Das Cabinet des Dr. Caligari. Kijana asimulia maovu ya daktari mmoja, kisha twaona kwamba kijana mwenyewe yumo katika nyumba ya wenye wazimu. Lakini nyumba na njia za picha ile zilichorwa zimepindapinda, hata mtazamaji alikuwa ameonywa. Alfred Hitchcock hakuonya. Katika Stage Fright, ya mwaka 1950, kijana Jonathan amweleza rafiki yake jinsi bibi mmoja alivyomjia na nguo yenye damu baada ya kumwua mumewe, nasi twayaona hayo kwa macho. Kumbe mwuaji ni Jonathan! Watazamaji walichukia, na mwaka 1962, akizungumza na François Truffaut wa Ufaransa, Hitchcock alikiri kwamba hakupaswa kufanya vile. Ajabu ni kwamba katika mazungumzo hayo hayo alifundisha kuwa bomu lilipukalo ghafula chini ya meza hushtua watu kwa sekunde 15 tu, lakini wakijua mapema kwamba limo, hukaa roho juu dakika 15.

Mwaka 1995 ikatoka picha ya Kimarekani, The Usual Suspects. Kiwete amsimulia askari wa forodha khabari ndefu, nasi twaonyeshwa, na mengi katika hayo yalikuwa ya kubuni. Safari hii watu walisifu, na aliyeiandika akapewa tuzo ya Oscar. Nyuma ya askari yule palikuwa na ubao uliojaa karatasi. Msimulizi aliokota majina yake humo, na ubao ulikuwa mbele ya macho yetu muda wote.