Kilichoandikwa Nyuma ya Picha

Kitabu hujitambulisha chenyewe: ukurasa wake wa mwanzo hutaja mwandishi, mchapishaji na mara nyingi mwaka. Picha haina ukurasa huo. Enzi za karatasi pengo hilo lilizibwa kwa nyuma, kwa muhuri wa studio, tarehe ya penseli, au maelezo yaliyopigwa taipu na kubandikwa kwa gundi. Picha zilipoanza kusafiri kama faili, upande huo wa nyuma ulitoweka. Historia ya metadata ya picha, yaani maelezo yanayofuatana nayo, ni historia ya kuurudisha, na naamini kazi kubwa ilikuwa watu kukubaliana kiandikwe nini. Mitambo ilikuwa sehemu rahisi.

Mashirika ya habari ndiyo yaliyobanwa mapema, kwa kuwa picha isiyojulikana ni ya nani na ya lini haiuziki. Baraza lao, IPTC, lililoanzishwa London mwaka 1965, lilitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990 utaratibu wa kusafirisha jina la mpiga picha, mahali na tarehe pamoja na picha yenyewe. Watu wa maktaba walipita njia yao. Machi 1995 wataalamu 52 walikutana Dublin, jimbo la Ohio, Marekani, wakakubaliana vipengele 13 vya kueleza vitu vilivyomo kwenye intaneti, wakiwa na maandishi zaidi akilini. Septemba 1996 ukafanyika mkutano mwingine hapo hapo, safari hii kuhusu picha, na vipengele vikafika 15: vikaingia maelezo na haki. Nyongeza hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Andiko hutafutwa kwa maneno yaliyomo ndani yake. Picha isiyoelezwa na mtu wakati huo haikutafutika kwa maneno.

Hata hivyo, neno tupu halitoshi. Picha iliyoandikwa “Kilwa” ni ya Kisiwani penye magofu ya Msikiti Mkuu, ya Kivinje, au ya Masoko? Mwaka 1999 W3C, shirika la viwango vya wavuti, lilipitisha RDF, mfumo unaoandika habari kwa kauli fupi za sehemu tatu: kitu, uhusiano, na kile kinachohusiana nacho. Kila mahali na kila mtu anaweza kupewa kitambulisho chake kisichogongana na kingine. Kampuni ya programu ya Adobe ikaijenga XMP, utaratibu wa kuweka maelezo ndani ya faili, juu ya mfumo huo mwaka 2001, na faili ya picha ikaweza kubeba ndani yake tofauti kati ya aliyepiga na aliyepigwa.

Wapo wanaosema programu za leo hutambua vilivyomo pichani, basi kazi hii imepitwa na wakati. Kweli huona kanzu, jahazi na mnazi. Haziwezi kuona aliyetoa ruhusa, wala jina la mwanamke ambaye kadi ya posta ya zama za ukoloni ilimwita “mwanamke wa Kiswahili” na kuishia hapo. Asipoliandika anayelijua, hakuna pa kulitoa. Pingamizi zito zaidi ni gharama, maana hifadhi nyingi zina maelfu ya picha na watumishi wachache. Lakini vipengele vyote 15 vya Dublin ni vya hiari, na kila kimoja kinaweza kurudiwa. Hifadhi inaweza kuanza na vinne, yaani mpiga picha, tarehe, mahali na haki, kisha ikawaita wazee wa mji watambue sura wakiwa bado hai.