Digrii anayo, mbona tena mtihani? Uzi wa historia ya leseni za lishe

Kila msimu wa kampeni lazima mtu apande jukwaani aahidi kufuta mitihani ya leseni. Ati kijana amesoma miaka minne, mnamtahini tena ya nini? Umati unashangilia. Hata mimi nilishangilia, manake binamu yangu alisomea lishe na bado anangoja kufanya huo mtihani. Halafu nikaenda kusoma ulikotoka.

Turudi Marekani, 1917, vita vya kwanza vya dunia vimepamba moto. Lenna Cooper na Lulu Graves wanawaita wenzao Cleveland, Ohio, wanaunda chama cha wataalamu wa lishe. Siku hizo insulini haikuwepo. Mgonjwa wa kwanza kudungwa alidungwa 1922. Kwa hivyo mwenye kisukari dawa yake ilikuwa sahani, na ukikosea sahani umekosea tiba. Lakini jina la mtaalamu wa lishe halikuwa na mwenyewe, yeyote angejiita.

Usajili, na mtihani wake, ulikuja baadaye sana, 1969. Na hapa ndipo nilicheka: waliokuwa tayari wanachama walipewa muda wa kujisajili bila kufanya mtihani wowote. Wazee waliingia kwanza, ndipo vijana wakaambiwa wakae chini waandike. Kizingiti nacho kimezidi kupanda. Tangu 1 Januari 2024, huko huruhusiwi hata kuufanya bila shahada ya uzamili.

Kwetu sheria ilipitishwa 2007, ikaunda KNDI, taasisi ya kusajili wataalamu wa lishe na kuwapa leseni. Hapa ndipo mijadala yetu hukoroga mambo. Juni 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuidhinisha kozi za vyuo vikuu ni kazi ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, si ya mashirika ya taaluma. Kuna wanaoitaja hiyo kesi kana kwamba ilizika leseni. Zii. Kuidhinisha kozi ni kitu kimoja, kumruhusu mtu ashughulikie mgonjwa ni kingine.

Sasa, mgombea akikuahidi kuufuta, muulize ni nani atakuwa amempima yule atakayempangia nyanya yako chakula. Ndizi na parachichi tunazosifia kila siku zina potasiamu, na figo zikiharibika potasiamu inaweza kusimamisha moyo. Hiyo si ya kubahatisha.

Na anayeutetea asikwepe pia. Ada ni ngapi? Unafanywa mara ngapi kwa mwaka? Aliyeanguka anaonyeshwa alipokosea, ama anaambiwa tu arudi na pesa zingine?

Jana nilimuuliza binamu yangu kama angefurahi ufutwe. Akasema hapana, amesoma, maswali hayamsumbui. Anataka tu kujua tarehe, manake hakuna wadi itakayomchukua bila leseni, na kwa sasa anauza mitumba.