Majani ya Njoro Yasiyonenepesha Kondoo

Mtu apitaye Njoro wakati wa mvua, akiziona nyanda zile zilivyofunikwa na majani, hawezi kudhani ya kuwa hapo kondoo aliweza kula tangu asubuhi hata jioni, kisha akakonda na kufa. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na yafaa habari hiyo ijulikane na kila mfugaji.

Lord Delamere, Mwingereza, aliiona nchi ya juu ya Kenya mara ya kwanza mwaka 1897. Mwaka 1903 akarudi ili akae, akapata kwa serikali eka 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Kodi yake ilikuwa paundi 200 kwa mwaka, tena alipaswa kutumia paundi 5,000 juu ya ardhi hiyo katika miaka mitano ya kwanza. Akaagiza madume ya kondoo kutoka Uingereza na majike ya merino kutoka New Zealand, na madume yale akayachanganya na kondoo wa Wamasai, ambao wana nywele wala hawana sufu. Alitumaini kupata sufu na nyama pamoja. Lakini wale merino walio wengi wakafa, na wana-kondoo wakadumaa. Ng'ombe nao wakapatwa na maradhi yao.

Sasa, nchi ile ilikuwa karibu tupu alipoipata, na wageni waliuona utupu huo kuwa bahati njema. Imeandikwa ya kuwa Wamasai hawakupenda kulisha mifugo yao pale. Watu wenye makundi makubwa vile, wakiyapita majani mazuri na kwenda mbele, lazima wana sababu; nayo ingaliweza kuulizwa bila gharama yo yote.

Maana Wamasai hawakuchunga ovyo. Malisho ya masika yalikuwa mbali na malisho ya kiangazi, na yale ya kiangazi yaliachwa yapumzike hata mvua ikome. Karibu na boma walitenga kipande cha majani, kiitwacho olopololi, kwa ajili ya ndama na wanyama wachanga na wagonjwa, wasioweza kwenda mbali. Makundi yalipelekwa kwenye ardhi ya chumvi wayalambe magadi. Tena dume la kondoo lilifungwa ngozi chini ya tumbo lisipande majike wakati usiofaa, ili wana-kondoo wazaliwe majani yanapochipuka na mama zao wana maziwa. Yote hayo yalitegemea jambo moja, yaani nafasi ya kuhama.

Na nafasi hiyo ndiyo iliyoondolewa. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamasai wa Bonde la Ufa walihamishwa toka pande za Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Wakaahidiwa ya kuwa mapatano yatadumu maadamu kabila lao lipo. Yakadumu miaka saba. Mwaka 1911 waliambiwa watoke Laikipia pia. Ole Njogo na wenzake walishitaki, na mwaka 1913 mahakama ikasema haina uwezo wa kuamua neno hilo, kwa kuwa mapatano yalikuwa kama ya dola na dola. Ni ajabu kwamba watu waliohesabiwa kuwa dola siku ya kushitaki hawakuhesabiwa hivyo siku ya kuhamishwa. Delamere mwenyewe, tangu mwaka 1906, alikuwa amepata shamba jingine, Soysambu, karibu na ziwa la Elmenteita, katika nchi hiyo hiyo waliyoiacha Wamasai. Ni mahali pakavu kuliko Njoro, na kwa macho majani yake ni duni. Lakini kondoo wakastawi.

Ugonjwa wa pande za Nakuru ulipewa jina na masetla, wakauita "Nakuruitis". Mnyama alikataa kula ingawa amesimama katika majani, akapungukiwa na damu, akakonda hata mifupa ikaonekana. Kwanza walidhani ni upungufu wa chuma. Huko New Zealand, katika nchi ya majivu ya volkeno kama ya Nakuru, mifugo iliugua vivyo hivyo, ikapewa udongo wenye chuma, mingine ikapona. Ndipo miaka ya 1934 na 1935 wataalamu wa Australia, Underwood na Filmer upande wa magharibi, Marston na Lines upande wa kusini, walipogundua ya kuwa dawa haikuwa chuma, bali kobalti kidogo iliyochanganyika nacho. Kiasi kinachotakiwa ni sehemu moja tu katika sehemu milioni kumi za majani makavu. Vijidudu vya tumboni mwa kondoo hutengeneza vitamini B12 kwa kobalti hiyo. Ikikosekana, chakula hakimfai mnyama. Mwana-kondoo anayekua ndiye aumiaye kwanza.

Wamasai hawakujua kobalti, wala si haki kuwasifu kwa elimu wasiyokuwa nayo. Walijua mahali pasipofaa, na walijua kuondoka. Hata masetla, kabla dawa haijajulikana, waliona ya kuwa mnyama mgonjwa akipelekwa malisho mengine hupata nafuu.

Neno moja limebaki, juu ya kondoo mwekundu wa Wamasai, aliyedharauliwa kwa kukosa sufu. Tangu mwaka 1991 wataalamu walimpima huko Diani, pwani ya Kenya, pamoja na Dorper, kondoo wa asili ya Afrika Kusini. Katika malisho yenye minyoo mingi wana-kondoo wekundu walionekana na mayai ya minyoo machache zaidi, na waliokufa kwao walikuwa wachache kuliko wa Dorper. Lakini wakati huo huo wafugaji wengi walikuwa wamekwisha kumchanganya na mbegu za kigeni, hata kumpata aliye safi imekuwa kazi.