Mchezo Usio na Kipenga

Uvutie akilini uwanja wa majani wa chuo kimoja cha Marekani, asubuhi ya Jumamosi katika mwezi wa Aprili. Vijana saba wamejipanga kwenye mstari wa upande mmoja, na saba wengine wanawakabili kutoka upande wa pili. Kisahani cha plastiki chenye uzito wa gramu 175 kinarushwa, kinaelea hewani kwa muda, kisha mbio zinaanza. Baada ya dakika chache mpokeaji anaruka pamoja na mlinzi wake, wanagongana, na kisahani kinaanguka chini. Mpokeaji anapaza sauti, "Madhambi!" Wachezaji wote wanasimama palepale walipo. Sasa tafuta kwa macho yako mtu mwenye kipenga. Humwoni. Hakuchelewa kufika wala hakusahauliwa. Mchezo wenyewe haukumwalika.

Nimeuleta mchezo huu katika somo letu la uraia kwa sababu ya swali moja: sheria huishije mahali ambapo hakuna mtu aliyeajiriwa kuisimamia? Wanafunzi wangu wengi hujibu upesi kwamba bila shaka wachezaji hao ni watu wema. Mimi siamini kwamba Wamarekani wenye umri wa miaka ishirini wanapenda kushindwa kuliko vijana wa kwetu. Jibu limo katika historia ya mchezo, na tuianze kwa jina lake.

Katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, palikuwa na kampuni ya kuoka pai iliyoitwa Frisbie Pie Company. Pai zake ziliuzwa katika sahani za bati, na masimulizi yanayopendwa sana yanasema kwamba wanafunzi wa vyuo vya karibu, wakiwemo wa Yale, walipokwisha kula walirushiana sahani tupu. Mnamo 1955 Walter Frederick Morrison alibuni kisahani cha plastiki alichokiita Pluto Platter. Kampuni ya Wham-O ilianza kukiuza mwaka 1957, na mwaka huohuo ikakipa jina la Frisbee. Kwa kuwa jina hilo ni mali ya kampuni, mashirikisho ya mchezo huu huuita Ultimate tu. Nami katika makala haya nitasema altimeti, na chombo chake nitakiita kisahani, neno ambalo kila mwenye jiko analijua.

Altimeti haikuanzia chuoni moja kwa moja, ingawa mbegu yake ilitoka huko. Jared Kass, mwanafunzi wa Chuo cha Amherst, alikuwa akicheza na wenzake mchezo wa timu kwa kutumia kisahani. Katika kiangazi cha 1968 alifundisha katika kambi ya masomo huko Mount Hermon, jimbo la Massachusetts, na mmoja wa vijana aliowafunza mchezo huo aliitwa Joel Silver. Silver aliporudi katika shule yake ya sekondari ya Columbia, mjini Maplewood, New Jersey, aliupeleka mchezo mbele ya baraza la wanafunzi, nusu kwa mzaha na nusu kwa dhati. Mechi ya kwanza ya shuleni hapo ilikuwa kati ya baraza la wanafunzi na waandishi wa gazeti la shule. (Ukiwa mpenzi wa sinema huenda umekwisha kuona kazi ya Silver bila kujua: alikuja kuwa mtayarishaji wa filamu, na The Matrix ni mojawapo ya filamu zake.)

Vijana hao walicheza usiku kwenye eneo la kuegesha magari, chini ya taa za umeme. Mnamo 1970 Silver pamoja na wenzake wawili, Buzzy Hellring na Jon Hines, walichapisha kanuni za mchezo. Hapa ndipo ninapokuomba uwe makini. Kanuni hizo za mwanzo hazikumkataza mwamuzi. Vijana waliokuwa wakichekesha wakubwa kwa kucheza kati ya magari hawakuwa wamekaa chini kutunga falsafa ya uhuru. Walicheza bila mwamuzi kwa sababu hawakuwa naye, na nani angekubali kusimama usiku wa manane akiwapulizia kipenga watoto wa shule? Desturi ilitangulia, na nadharia ikaifuata nyuma. Ukisoma historia za katiba utakuta mambo mengi yamezaliwa kwa namna hiyohiyo.

Walipomaliza sekondari wakatawanyika vyuoni, kila mmoja akibeba kisahani na karatasi ya kanuni. Hivyo tarehe 6 Novemba 1972, Chuo Kikuu cha Rutgers kilicheza na Princeton mechi ya kwanza ya altimeti baina ya vyuo. Tarehe na mahali havikuchaguliwa kwa bahati. Tarehe 6 Novemba 1869 vyuo hivyo viwili vilikuwa vimekutana mjini New Brunswick katika mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya soka la Kimarekani baina ya vyuo, na Rutgers wakashinda 6 kwa 4. Miaka 103 baadaye uwanja ule ulikuwa umegeuzwa kuwa maegesho ya magari, na juu ya lami hiyo Rutgers wakashinda tena, safari hii 29 kwa 27. Hellring hakuishi kuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki katika ajali ya gari akiwa mwanafunzi wa Princeton.

Mechi moja, hata hivyo, siyo mashindano. Mashindano yalikuja Aprili 1975, Yale ilipozikaribisha timu nane za vyuo. Rutgers walitwaa ubingwa kwa kuwashinda Rensselaer 26 kwa 23. Mwaka 1979 wachezaji waliunda chama chao cha kitaifa, Ultimate Players Association, ambacho leo huitwa USA Ultimate. Ubingwa wa vyuo wa taifa zima ulianza 1984, na Stanford wakawa mabingwa wa kwanza wa wanaume. Wanawake walianza kuwania ubingwa wao 1987.

Sasa turudi uwanjani, maana miaka na tarehe hazitatuonyesha jinsi sheria inavyofanya kazi.

Siku ya kwanza ya mashindano ya chuo huwa ya makundi. Timu moja huweza kucheza mechi tatu au nne kwa siku hiyo moja, na siku ya pili ni mtoano. Katika vyuo vingi timu ya altimeti ni chama cha wanafunzi tu, hivyo nahodha aliyefunga bao asubuhi ndiye pia aliyekusanya michango na kuendesha gari usiku kucha ili timu ifike. Miguu inauma, jua linawaka au mvua inanyesha, na bado watu hao wanatakiwa kuhukumu mambo yao wenyewe kwa haki.

Kanuni za kucheza ni chache. Aliyeshika kisahani haruhusiwi kukimbia nacho. Anasimama kwa mguu mmoja kama mhimili na kukirusha ndani ya sekunde kumi, na anayezihesabu sekunde hizo kwa sauti ni mpinzani wake anayemkaba. Tafakari jambo hilo kidogo: saa ya mchezo imewekwa kinywani mwa adui. Kisahani kikianguka, kikitoka nje au kikizuiwa, umiliki unahamia upande wa pili. Bao hupatikana kisahani kinapodakwa ndani ya eneo la bao lililo mwisho wa uwanja.

Na madhambi? Anayedhani amefanyiwa madhambi hutangaza mwenyewe. Mchezo unasimama. Aliyeshutumiwa ana njia mbili, na kila njia ina kitenzi chake katika Kiswahili: anaweza kukiri, au anaweza kukana. Akikiri, aliyetendewa hupewa haki yake, yaani kama ni mpokeaji, huhesabiwa kuwa amekidaka kisahani. Akikana, wazungumze kwa ufupi, kila mmoja aeleze alichokiona. Wasipoafikiana, kisahani kinarudi kwa aliyekirusha, wachezaji wanarudi walipokuwa, na mchezo unaendelea kana kwamba mruko ule haukutokea.

Kwa maoni yangu akili yote ya mchezo huu imo katika sentensi hiyo ya mwisho. Kanuni haikutegemea kwamba watu watasema kweli daima. Ilijua kwamba watu wawili waaminifu waliogongana hewani wanaweza kuona mambo mawili tofauti, na kwamba mwongo naye yupo. Kwa hiyo ikaweka mahali pa kurudi. Mlalamikaji hapati kila anachokitaka, na mshutumiwa naye hapati kila anachokitaka. Kwa hiyo faida ya kudanganya inapungua, na hasara ya kushutumiwa bure inapungua pia. Nilipokuwa mtoto tulicheza kandanda kwa mpira wa majani ya mgomba, nasi pia hatukuwa na refa. Lakini tulikuwa na mwenye mpira. Kila mzozo uliishia kwake, na akikasirika aliubeba mpira wake akaenda nyumbani. Hiyo nayo ni aina ya serikali, na wewe msomaji unaijua.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 desturi hii iliandikwa rasmi katika kanuni kwa jina la moyo wa mchezo: kucheza kwa ushindani mkali ni halali, ila si kwa gharama ya kumheshimu mwenzako wala ya furaha ya kucheza. Katika mashindano ya kimataifa, baada ya kila mechi timu huipa timu pinzani alama katika mambo matano: kuzijua na kuzitumia kanuni, kuepuka kugongana, kuwa na fikra za haki, kujizuia, na namna ya kuwasiliana. Kila jambo lina alama kuanzia 0 hadi 4, na 2 ni ya kawaida. Kwa hiyo timu yenye alama 10 imetenda inavyopaswa, siyo kwamba imefeli mtihani.

Nisikufiche upande wa pili. Kadiri ubingwa ulivyozidi kuwa na thamani, ndivyo mizozo ilivyorefuka. Mechi zenye uzito zilisimama mara kwa mara huku wachezaji wakibishana, na watazamaji wakichoka. Wamarekani wakabuni nafasi mpya, ya waangalizi. Mwangalizi anasimama kando. Anaamua mambo ya mistari, kama mchezaji alitoka nje au la, lakini kuhusu madhambi hasemi neno mpaka wachezaji wenyewe washindwe kuafikiana na kumgeukia. Neno hili sisi wa Afrika Mashariki tunalifahamu kutokana na chaguzi zetu, na tunajua tofauti iliyopo kati ya mwangalizi na msimamizi. Wapo wachezaji walioona kwamba mlango umefunguliwa, na kwamba anayejua kuwa kuna mtu wa kuamua hatajisumbua tena kumsikiliza mwenzake. Wapo waliosema kwamba bila mlango huo nyumba ingeanguka. Mimi naona wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo maana ubishi wao haujaisha.

Mwaka 2012 ilianza kuchezwa ligi ya kulipwa, American Ultimate Disc League, nayo ikaleta waamuzi kamili wenye vipenga. Ungedhani historia yetu imefika ukingoni. Lakini ligi hiyo iliacha kanuni moja ya ajabu: mwamuzi akikosea kwa kuipendelea timu yako, wewe mchezaji unaweza kumwambia kwamba amekosea, na uamuzi ukabadilishwa kwa hasara yako. Desturi ya maegesho ya magari ilipenya hadi mbele ya mwamuzi mwenyewe.

Muhula uliopita nilipata kisahani, nikawatoa nje wanafunzi wangu wa Kiswahili, saba kwa saba. Sharti lilikuwa moja: shutuma zote, kukiri kote na kukana kote kuwe kwa Kiswahili. Dakika za mwanzo palikuwa kimya cha ajabu, kwa kuwa aliyegongwa alijua kulia lakini hakujua kushitaki. Kisha maneno yakaanza kuja. "Umenivuta mkono." "Sikukuvuta, uliteleza." "Nimekanyaga mstari, bao si halali." Sentensi hii ya tatu aliisema msichana ambaye darasani huniomba kila siku nisimwite jina, na alipoimaliza wenzake wa timu walimkemea kwa lugha ambayo haikuwa Kiswahili.

Mzozo wa mwisho ulikuwa wa wavulana wawili waliorukia kisahani kimoja. Mmoja alishitaki, mwingine akakana, kila mmoja akaeleza, na kwa mara ya kwanza nikasikia kiambishi cha wakati uliopita kikitumiwa vizuri na watu waliokasirika. Wakanigeukia wote wawili. Niliangalia miti. Wakabishana tena kidogo, kisha mmoja wao akasema basi, kirudi. Kisahani kikarudishwa kwa mrushaji, wachezaji wakatembea hadi mahali walipokuwa, mpinzani akaanza kuhesabu, na alipofika nne kengele ya chakula ikalia.