Haki ya Matumizi Yaliyotangulia Katika Pwani ya Bagamoyo

Neno miliki, tulilolipokea kutoka Kiarabu, huwafanya wengi wadhani kwamba mwenye ardhi ni mwenye hati. Ada ya watu wa pwani haikuwa hivyo. Mtu aliweza kuwa na minazi katika ardhi ya mwenziwe; mti ulikuwa wake, ardhi si yake. Haki yake ilishikwa kwa kazi ya mikono na kwa ushahidi wa majirani.

Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Wadachi ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Dola. Haki za watu binafsi, za machifu na za jumuiya za wenyeji ziliachwa, mradi ziweze kuthibitishwa. Hapo ndipo aliyetangulia alipotwishwa mzigo wa kutoa ushahidi.

Waingereza, katika sheria yao ya ardhi ya 1923, waliifanya ardhi kuwa ya umma, lakini hati zilizopatikana kwa halali kabla yake hazikuguswa. Ukaaji wa wenyeji kwa desturi zao ulihesabiwa waziwazi kuwa haki katika marekebisho ya 1928. Basi mwenye karatasi alilindwa kwanza, na mwenye jembe miaka mitano baadaye.

Mambo ya Mkwaja na Saadani yaonyesha tofauti hiyo. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Amboni ilianzisha ranchi ya ng'ombe Mkwaja ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Ndorobo na maradhi yake yaliisumbua mno, na ranchi ikafungwa mwaka 2000. Ardhi yake ikatiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa 2005. Matumizi ya zamani yalikoma, mapya yakaingia pasipo kushindana nayo. Haikuwa hivyo Uvinje, kitongoji cha Saadani, katika eneo ambalo leo ni la Halmashauri ya Chalinze. Wakaazi wake hawakuwa wameondoka, nao walidai kwamba mpaka wa hifadhi umeingia katika ardhi yao.

Sheria ya Ardhi ya 1999 imeweka msingi kwamba haki zilizopo, na ukaaji au matumizi ya muda mrefu yanayotambuliwa, yabainishwe na kulindwa. Na anayenyang'anywa alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka. Mijini nako, Sheria ya Mipangomiji ya 2007 yamtaka mwenye kiwanja apate kibali kabla ya kubadili matumizi yake.

Lakini matumizi hayana muhuri. Shahidi wake ni kisima, kaburi, mwembe, na jina la mahali. Uvinje lenyewe ni jina linalofanana na la mti mvinje. Majina ya namna hii yangali vinywani mwa wazee. Yafaa sisi wanafunzi wa lugha tuyaandike mapema, pamoja na habari za waliyoyatoa, kwani siku ya kuwekwa mpaka huenda yakawa ndiyo hati pekee waliyo nayo.